Kufuta jeni moja ya Lactococcus lactis bila kuacha DNA ngeni ndani ya kimea

Bakteria wa kuchachusha maziwa kama Lactococcus lactis, ambao hapa tunawaita kimea, wanaliwa wakiwa hai. Gramu moja ya maziwa yaliyochachushwa vizuri huwa na seli milioni 10 au zaidi, na kila seli inaingia tumboni na DNA yote tuliyoiachia. Jeni ya usugu wa antibiotiki iliyotumika maabara kama alama, ikisahaulika humo, inapata nafasi ya kuhamia kwa bakteria wa utumbo. Ndiyo maana usalama wa kazi hii hausubiri vipimo vya mwisho. Unaanza na mchoro wa kwanza, pale unapoamua ni nini kitakachobaki ndani ya seli kazi ikiisha. Tunachotaka ni kwamba kisibaki hata kipande kimoja kisichokuwa cha bakteria mwenyewe.

Tutatumia mfano mmoja kamili: kufuta jeni ya aldB ili kuongeza harufu ya siagi. Hatua ni zilezile kwa jeni nyingine yoyote ambayo seli inaweza kuishi bila hiyo. Tunachukulia kwamba msomaji ana maabara yenye kibali cha kazi ya vinasaba, anajua PCR na anajua kufanya kazi bila kuchafua sampuli.

Kwa nini aldB

Aina za Lactococcus lactis za kundi la diacetylactis huvunja sitrati ya maziwa kuwa piruvati. Molekuli mbili za piruvati huunganishwa kuwa alfa-asetolaktati, kisha kimeng'enya AldB huigeuza asetolaktati kuwa asetoini, ambayo haina harufu ya maana. Kimeng'enya hicho kikiondolewa, asetolaktati hulimbikizana na kutoka nje ya seli, na sehemu yake inapokutana na oksijeni hugeuka diasetili, ambayo ndiyo harufu ya siagi. Hatua hiyo ya mwisho ni kemia tupu, haihitaji kimeng'enya. Kwa hiyo aina mpya iliyotengenezwa bila kosa lolote itatoa harufu hafifu ndani ya tangi lililofungwa lisilopata hewa, na mtu anaweza kudhani jeni haikufutika.

Kabla ya kugusa plasmidi yoyote (kiduara cha DNA kinachokaa kando ya kromosomu), jiulize kama unahitaji uhandisi jeni. Kwa aldB ipo njia ya kuchagua mabadiliko yanayotokea yenyewe. Leusini, asidi amino mojawapo, huichochea AldB, nayo huimaliza asetolaktati ambayo seli ingeitumia kujitengenezea asidi amino nyingine, valini. Ukipanda bakteria kwenye agari ya viungo vinavyojulikana, yenye leusini na isiyo na valini, seli za kawaida hukwama kwa njaa ya valini, na zile zilizopoteza AldB huendelea kukua. Koloni hizo huchukuliwa na kupimwa. Sharti ni moja: aina mama, yaani ile unayoanza nayo, iwe na uwezo wa kujitengenezea valini. Aina nyingi za maziwa zimeupoteza uwezo huo, na kwao njia hii haifanyi kazi. Kama ya kwako inao, anza hapo, kwa sababu utaokoa miezi ya kazi na rundo la makaratasi.

Makaratasi nayo yaangaliwe mapema. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo 2001/18/EC halihesabu uhamishaji wa DNA kwa njia ya asili ya kujamiiana kwa bakteria kuwa uhandisi jeni, na mabadiliko ya nasibu ya njia za zamani limeyasamehe masharti yake. Agizo 2009/41/EC, linalohusu kazi ndani ya maabara, linaisamehe pia ile hali ya kupanga upya DNA ya spishi yenyewe, lakini msamaha huo haufiki sokoni: aina iliyofutwa jeni kwa plasmidi, hata kama haina DNA ngeni, humo inahesabiwa kiumbe kilichobadilishwa. Kusafirisha aina kama hiyo kuvuka mpaka kunaangukia Itifaki ya Cartagena, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Usimpe mtu aonje wala usipeleke tyubu kiwandani kabla ya kibali, hata kwa majaribio.

Kumjua aina mama

Aina za maziwa hubeba sifa zao muhimu kwenye plasmidi za asili: uwezo wa kutumia laktosi, protini ya kukata kaseini na mlango wa kuingizia sitrati. Plasmidi hizo hupotea kirahisi, hasa kwa joto, na mbinu tutakayotumia inategemea joto. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, pima na kuandika mambo manne.

La kwanza ni laktosi. Tumia agari ya Elliker yenye laktosi asilimia 0.5 kama sukari pekee na zambarau ya bromokresoli miligramu 40 kwa lita; koloni zinazotumia laktosi huwa njano. Usitumie M17, chakula cha kawaida cha kukuzia Lactococcus, kwa kipimo hiki. Ina bafa nzito ya beta-gliserofosfati, gramu 19 kwa lita, inayoimeza asidi na kuficha rangi.

La pili ni kasi ndani ya maziwa. Weka kimea asilimia 3 kwenye maziwa yasiyo na mafuta, kwa joto la nyuzi 30 za Selsiasi. Aina yenye kasi hushusha pH chini ya 5.3 ndani ya saa 6. Aina iliyopoteza protini ya kukata kaseini hukwama mapema, kwa kuwa asidi amino huru za maziwa hazimtoshi.

La tatu ni sitrati. Kwenye agari yenye ferisianidi ya potasiamu na sitrati ya chuma, koloni zinazotumia sitrati huwa bluu na nyingine hubaki nyeupe. Bila sitrati, kufuta aldB hakutakupa harufu unayoitafuta.

La nne ni usugu wa antibiotiki wa asili. Kwa erithromaisini, mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, huweka mpaka wa miligramu 1 kwa lita kwa L. lactis. Aina inayozidi hapo usiichukue kabisa: alama yako haitaonekana, na bidhaa yenyewe itakataliwa. Hapohapo, soma jenomu nzima ya aina mama pamoja na plasmidi zake, kwa mashine ya kusoma vipande virefu. Usomaji wa vipande vifupi peke yake huchanganya plasmidi zenye sehemu zinazofanana.

Kuchora ufutaji

Tunatumia plasmidi ya familia ya pG+host. Inajinakili kwa ripliko (sehemu ya DNA inayoongoza kunakili) ya plasmidi pWV01, iliyotoka kwenye Lactococcus wa maziwa, lakini iliyobadilishwa isivumilie joto: hujinakili nyuzi 28, na hushindwa juu ya nyuzi 37. Ina usugu wa erithromaisini, na hiyo ndiyo alama tutakayoiondoa mwishoni.

Chukua mkono wa kushoto na mkono wa kulia wa jeni, kila mmoja herufi 800 hivi za DNA, uviunganishe kwa PCR bila jeni katikati. Mikono iwe sawa kwa urefu. Mmoja ukiwa mrefu sana kuliko mwingine, plasmidi itapenda kuingia na kutoka upande huohuo, na utapata aina mama tena na tena.

Usifute jeni yote. Acha kodoni 10 za mwanzo na 10 za mwisho (kila kodoni ni herufi tatu), zikiwa zimeunganishwa ndani ya fremu ileile ya kusoma. Jeni ikiwa na herufi 711, unaondoa 651, na 651 inagawanyika kwa tatu. Seli itatengeneza kipeptidi kifupi kisicho na kazi, na usomaji wa jeni za jirani hautavurugika. aldB iko mwishoni mwa safu ya jeni za leusini na valini, kwa hiyo hatari ni ndogo hapa, ila tabia hii ishike kwa kila jeni. Soma kipande kizima kilichounganishwa, herufi kwa herufi, kabla ya kukiingiza. Kosa la PCR kwenye mkono linahamia moja kwa moja kwenye jenomu.

Kuingiza plasmidi

Aina za maziwa hupokea DNA kwa shida kuliko MG1363, ile ya maabara isiyo na plasmidi. Sababu kubwa ni mbili: ukuta mnene wa seli, na vimeng'enya vya kinga vinavyokata DNA isiyo na alama za nyumbani. Ukuta unalainishwa na glisini. Kinga inaweza kupungua makali ukipitisha plasmidi kwanza ndani ya MG1363, halafu ukaichukua kutoka humo.

1. Kuza bakteria usiku kucha kwa nyuzi 30 kwenye M17 yenye laktosi asilimia 0.5, sukrosi ya moli 0.5 (gramu 171 kwa lita) na glisini. MG1363 huvumilia glisini asilimia 2.5, naye mpe glukosi badala ya laktosi. Kwa aina za maziwa jaribu 0.5, 1 na 1.5, uchague kiasi kinachopunguza kasi ya kukua kwa nusu hivi. Kikizidi, seli hupasuka zenyewe.
2. Chukua mililita 5, ongeza kwenye mililita 45 za kimiminika kilekile, kuza hadi ukungu wa 0.2–0.3 kwa mwanga wa nanomita 600. Usingoje zaidi, seli zilizozeeka hazipokei.
3. Kuanzia hapa kila kitu kiwe baridi ya barafu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 6,000 g, dakika 20, nyuzi 4. Osha kwa mililita 50 za sukrosi moli 0.5 yenye gliseroli asilimia 10.
4. Changanya tena kwenye mililita 25 za mchanganyiko huohuo ulioongezwa EDTA milimoli 50 kwa lita, acha kwenye barafu dakika 15, zungusha.
5. Osha mara moja zaidi bila EDTA, kwa mililita 12. Kisha changanya kwenye mililita 0.5. Gawa maikrolita 40 kila tyubu. Zisizotumika zigandishwe kwa nyuzi −80.
6. Weka maikrolita 1 ya plasmidi safi, hamishia kwenye kyuveti baridi ya milimita 2, piga umeme: volti 2,000, maikrofaradi 25, omu 200. Muda wa pigo uwe milisekunde 4.5 hadi 5.
7. Ongeza mara moja mililita 1 ya M17 yenye laktosi, kloridi ya magnesiamu milimoli 20 na kloridi ya kalisi milimoli 2. Barafu dakika 5, kisha nyuzi 28 kwa saa moja na nusu.
8. Panda kwenye agari yenye erithromaisini maikrogramu 5 kwa mililita, nyuzi 28, siku mbili hadi tatu.

Cheche ikiruka ndani ya kyuveti, kuna chumvi, na mara nyingi imetoka kwenye DNA: mmenyuko wa kuunganisha haukusafishwa. Huweza pia kutoka kwenye seli, EDTA isipooshwa vizuri. Muda wa pigo ukishuka chini ya milisekunde 4 bila cheche, sababu ni hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Koloni zisipotokea kwa plasmidi yako lakini zikatokea kwa plasmidi tupu, tatizo liko kwenye plasmidi yako au mikono uliyochora, wala si kwenye seli au umeme. Kwa hiyo plasmidi tupu iwepo kila mara.

Joto la kuingiza, joto la kutoa

Kuza koloni usiku kucha kwa nyuzi 28 na erithromaisini. Punguza mara elfu moja kwenye kimiminika kisicho na dawa, acha nyuzi 28 kwa saa mbili na nusu, kisha uhamishe nyuzi 37.5 kwa saa mbili na nusu nyingine. Plasmidi sasa haijinakili. Inayobaki hai pamoja na usugu wake ni ile iliyojiunga na kromosomu kupitia mmoja wa mikono. Panda nyuzi 37.5 kwa erithromaisini, na sambamba panda bila dawa, ili ujue ni sehemu gani ya seli iliyojiunga. Kwa mikono ya urefu huu, tarajia seli moja kati ya mia moja hadi elfu kumi.

Aina za kundi la cremoris hudhoofika kwa joto hilo. Kwao tumia nyuzi 36.5 hadi 37 na ukubali koloni za uongo zaidi. Na ukiona sahani ya dawa imejaa koloni sawasawa na ile isiyo na dawa, angalia jenomu ya aina mama: ikiwa ina plasmidi ya asili ya ukoo wa pWV01, protini yake ya kunakili inaibeba plasmidi yako hata kwenye joto, na joto halitachuja chochote. Hapo badilisha aina au badilisha plasmidi, usipoteze wiki kwa kurudia.

Thibitisha kwa PCR kwamba plasmidi imeingia mahali palipokusudiwa, ukitumia praima moja iliyo nje ya mkono na nyingine iliyo ndani ya plasmidi. Chagua koloni mbili zilizoingilia kushoto na mbili zilizoingilia kulia, uendelee na zote nne. Uwiano wa zinazofutika hutofautiana kati ya pande hizo mbili.

Kutoa plasmidi ni kinyume chake. Punguza mara laki moja hadi milioni moja kwenye M17 yenye laktosi bila dawa, kuza saa 18 kwa nyuzi 28. Plasmidi inapoanza kujinakili ikiwa ndani ya kromosomu, huisumbua seli na kuchochea kukatika kwake. Kisha panda bila dawa kwa nyuzi 37.5, ili plasmidi iliyokatika isijinakili tena na ipotee. Hamisha koloni 100 kwenye sahani mbili, moja na dawa na nyingine bila. Zisizokua kwenye dawa ndizo tunazotaka. Baadhi zimerudi kuwa kama aina mama, baadhi zimefutwa jeni.

Sahani hizi zote ziwe na laktosi kama sukari pekee. Joto la nyuzi 37.5 ndilo linaloondoa plasmidi za asili, na seli inayolazimika kula laktosi haiwezi kuitupa ile inayobeba jeni za laktosi. Ukiwapa glukosi, utapata jeni iliyofutwa vizuri ndani ya bakteria asiyeweza kugandisha maziwa. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi, na haligunduliki hadi mwisho kwa kuwa PCR ya aldB inaonekana safi kabisa.

Kuhakiki

Tumia praima mbili zilizo nje ya mikono yote miwili. Ikiwa aina mama hutoa kipande cha herufi 2,500, iliyofutwa itatoa 1,849. Praima zilizo ndani ya mikono zisitumike, kwani zitasoma hata plasmidi iliyobaki mahali pengine.

Chagua koloni tatu zilizofutwa na moja iliyorudi kuwa kama aina mama. Hii ya mwisho usiitupe: imepita joto lilelile na sahani zilezile, kwa hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo, kuliko aina mama iliyokaa kwenye friza. Tofauti kati ya ndugu hawa wawili ndiyo kazi ya aldB. Tofauti kati yao wote na aina mama imeletwa na joto.

Rudia vipimo vyote vinne vya mwanzo. Halafu soma jenomu nzima na utafute vitu vitatu: jeni ya usugu wa erithromaisini, jeni ya kunakili ya pWV01 iliyobadilishwa, na herufi yoyote iliyobadilika nje ya aldB. Viwili vya kwanza visiwepo kabisa. Mabadiliko ya herufi moja mawili matatu hutokea. Soma kila moja liko kwenye jeni gani kabla ya kulipuuza. Linganisha pia orodha ya plasmidi na ukubwa wake. Erithromaisini ipimwe upya kwa kiwango, na irudi palepale ilipokuwa kwa aina mama.

Kwa harufu, kuza kwenye maziwa kwa nyuzi 30 katika vyombo viwili, kimoja kimetulia na kimefungwa, kingine kinatikiswa polepole na hewa inaingia. Diasetili ipimwe kwa kromatografia ya gesi kutoka kwenye hewa iliyo juu ya sampuli. Usiipashe sampuli moto kupita kiasi, kwani asetolaktati itavunjika ndani ya mashine na kukupa diasetili ambayo haikuwemo kwenye maziwa. Asetolaktati yenyewe ipimwe kwa kugawa sampuli mbili: moja ipimwe asetoini kama ilivyo, nyingine ichemshwe kwanza kwenye asidi. Tofauti ndiyo asetolaktati. Aina iliyofutwa ikionyesha asetolaktati nyingi na diasetili kidogo, jeni imefutika na kinachokosekana ni hewa.

Kulinda maabara na kiwanda

L. lactis huhesabiwa salama kwa chakula, na kazi hii huwekwa katika daraja la chini kabisa la hatari. Hata hivyo hatua za kati, zile zenye plasmidi na usugu wa dawa, zisikutane na chumba cha kimea. Tumia vyumba tofauti, makoti tofauti na pipeti tofauti. Sahani na kimiminika vichemshwe kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 20, kabla ya kutupwa. Hatari inasafiri pia upande wa pili: vumbi la maji ya jibini lililobebwa na nguo kutoka kiwandani huleta virusi vya bakteria, na tyubu zako zitakuwa maji matupu kesho yake.

Aina mpya hushambuliwa na virusi vilevile vinavyomshambulia aina mama. Kwenye mzunguko wa vimea zihesabiwe kama aina moja, zisipishane kana kwamba ni mbili.

Hifadhi tyubu 20 za kizazi kimoja kwenye maziwa yasiyo na mafuta yenye gliseroli asilimia 15, nyuzi −80, pamoja na aina mama na ndugu aliyerudi. Andika kwenye kila tyubu namba ya koloni iliyosomwa jenomu. Kimea kipya kianzie kwenye tyubu hizo kila mara, kwa sababu kila upandikizaji wa ziada ni nafasi nyingine ya kupoteza plasmidi ya kaseini.